Kabla ya Kusema Amenizimia

Katika hosteli zinazozunguka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, na katika vyumba vya kupangisha vilivyo karibu na Chuo Kikuu cha Embu, bando moja la intaneti huliwa na wengi. Mmoja amelinunua na kuwasha hotspoti, na wenzake wa chumba cha pili na cha tatu wameunganisha simu na vipakatalishi vyao. Hivyo ndivyo fomu ya mkopo wa HELB hujazwa, ndivyo kazi ya mhadhiri hutumwa, ndivyo mzazi aliyeko Igembe au Mbeere husaidiwa kuwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Halafu mtandao unakatika. Alama ya waifai ipo pale pale kwenye kioo lakini ukurasa haufunguki, au jina la hotspoti limetoweka kabisa kwenye orodha, na kabla hata kidole hakijagusa kitufe, hukumu imeshatolewa moyoni: amenizimia. Hukumu hiyo ndiyo ninayotaka kuijadili, kwa sababu naamini ni kosa, tena si kosa dogo. Swali lililo chini yake ni la zamani kuliko simu. Kitu ulichokuwa ukipewa kikikoma bila maelezo, una haki ya kuamini nini juu ya nia ya aliyekuwa akikupa? Jibu langu ni kwamba huna haki ya kuamini ubaya mpaka uwe umeitafuta hitilafu, na kwamba kazi ya kuitafuta, ijapokuwa inaonekana ni ya fundi tu, ni sehemu ya uadilifu kama ilivyo kusema kweli.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana hoja yote inasimama juu yake. Simu iliyowashwa hotspoti inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja inawasiliana na mnara wa kampuni ya simu. Upande wa pili yenyewe imekuwa mnara mdogo, inatangaza jina lake hewani takriban mara 10 kwa sekunde, inakagua nenosiri, inagawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga, kisha inapitisha maombi ya wote kana kwamba yametoka kwake peke yake. Kazi hiyo inakula chaji na kuitia simu joto. Betri ikishuka, hali ya kuokoa betri huingia, na katika baadhi ya simu huizima hotspoti bila kumuuliza mwenye simu. Joto likizidi, simu hujilinda kwa njia hiyo hiyo. Simu nyingi za Android zina mpangilio unaozima hotspoti ikiwa hakuna kifaa kilichounganishwa kwa muda fulani, mara nyingi dakika 10, hivi kwamba aliyekwenda kuoga na simu yake ikalala akirudi anakuta jina halipo, na mwenzake hajui lolote. Tena mtoa huduma anaweza kuweka sharti kwamba bando fulani lisigawiwe, na simu ikatii. Lakini mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni huu. Ikiwa simu au laini haijawezeshwa kubeba sauti kupitia 4G, basi anapopigiwa mtu, kifaa hushuka hadi 3G au 2G ili sauti ipite, na kikishuka hadi 2G data husimama mpaka mazungumzo yaishe. Yaani mama amempigia mwanawe kutoka Runyenjes kumjulia hali, wamezungumza habari za karo na bei ya kahawa, na nyuma ya ukuta kuna mtu anayeamini amefanyiwa uchoyo.

Upande wa anayepokea nako kuna mengi, na haya ndiyo yanayonishawishi zaidi. Hotspoti hurusha kwa masafa ya gigahezi 2.4 au ya gigahezi 5. Simu nyingi za zamani na za bei nafuu haziyaoni kabisa masafa ya gigahezi 5. Mwenye kutoa akinunua simu mpya, au simu yake ikiyachagua masafa hayo, hotspoti inapotea machoni pa mmoja huku mwingine, aliyeketi naye kitanda kimoja, anaendelea kutazama video. Ni vigumu kufikiria ushahidi wa upendeleo ulio wazi kuliko huo, na ni ushahidi wa uongo. Hotspoti pia ina kikomo cha vifaa inavyoweza kubeba. Anayefika wa mwisho anakataliwa na mashine, si na mtu. Nenosiri nalo hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa bila kuambiwa. Zaidi ya hayo, simu nyingi za leo zimepangwa kuiacha waifai inayoonekana dhaifu na kuhamia data ya laini yake yenyewe. Laini haina bando, kwa hiyo kila kitu kinaganda. Hapo aliyeondoka ni simu ya mwombaji. Aliyepewa ndiye aliyeuachia mkono wa aliyempa, na bado analalamika kwamba ameachwa.

Kuna sababu nyingine zilizo mbali na wote wawili. Nchi ya Meru na Embu ni ya migongo na mabonde yanayoshuka kutoka Mlima Kenya na vilima vya Nyambene. Nyumba iliyo juu ya mgongo inaweza kupata 4G safi na ile ya bondeni, kando ya mto, ikaambulia 2G. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM, zinazopita chini ya bahari, zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki nzima. Julai 2023 mfumo wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa kwa kumiminiwa maombi ya uongo hadi ukalemewa. Siku hizo mtu wa Nkubu au Siakago angeweza kuketi mbele ya kioo akimlaumu jirani kwa jambo lililotokea kwenye mitambo ya serikali, au kwenye sakafu ya bahari ambayo wote wawili hawajawahi kuiona.

Sasa tupime. Sababu zote hizi, pamoja na ile ya kuzimiwa kwa makusudi, zina dalili moja: ukurasa haufunguki. Dalili inayoletwa na sababu kumi haiwezi peke yake kuthibitisha mojawapo. Hili linakubalika na kila mtu akiwa ametulia, na ndiyo maana inashangaza kwamba, kati ya maelezo yote yaliyopo, akili huokota lile moja linalohitaji mtu mbaya. Nadhani inafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, hitilafu haina uso na jirani anao. Ni rahisi kumkasirikia mtu kuliko kukasirikia masafa. Pili, na hili ni zito zaidi, anayepewa bure anajua kwamba anaweza kunyimwa saa yoyote. Anaishi na hofu hiyo hata anapochekeshana na mwenzake. Mtandao ukikatika, hofu inapata kile ilichokuwa ikikitarajia, nayo aibu ya kuomba hugeuka hasira kwa urahisi mno. Kwa hiyo dhana mbaya huwa kosa la akili kwanza, kuruka kutoka dalili hadi nia bila kupita katikati, kisha ndipo linakuwa kosa la moyo.

Mtu atasema: basi wafundisheni watu simu zinavyofanya kazi, na tuhuma zitakwisha zenyewe. Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Wazande wa mipaka ya Sudan ya wakati ule na Kongo, na ndani yake alieleza habari ya ghala la nafaka lililoanguka juu ya watu waliojipumzisha kivulini pake. Wazande walijua fika kwamba mchwa hula nguzo, na kwamba ghala lililoliwa nguzo huanguka. Hawakuhitaji kufundishwa hilo na mgeni. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile ambayo watu hawa hasa walikuwa chini yake, na jibu lao lilikuwa uchawi, yaani mtu. Maarifa ya mchwa na tuhuma dhidi ya jirani viliishi pamoja bila kugombana. Mwanafunzi wa kompyuta pale Nchiru, anayezijua sababu zote nilizozitaja, hana kinga dhidi ya swali hilo hilo. Anajua betri huzima hotspoti; lakini kwa nini izime leo, dakika hii, wakati fomu yangu ilibaki ukurasa mmoja? Kwa nini mimi, kwa nini sasa? Swali hilo halijibiwi na fundi. Ni swali la dini. Anayeamini kwamba nyakati zote zi mikononi mwa Mungu na alipeleke kwake kwa maombi. Asiyeamini na akubali kwamba mambo mengine hukutana tu bila kukusudiwa na yeyote. Hakuna imani kati ya hizo mbili inayompa mtu ruhusa ya kumfanya jirani kuwa jibu.

Kenya inazo sababu za kulichukua jambo hili kwa uzito. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo ni sheria ya kikoloni na ina mengi ya kupingwa, inalo hata hivyo jambo moja la maana: inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa lenyewe, isipokuwa tuhuma ipelekwe mbele ya mamlaka. Inatambua kwamba kutaja jina la mtu kuwa chanzo cha msiba ni kitendo, na kitendo hicho huumiza kabla ya ukweli kujulikana. Sisemi hotspoti na uchawi ni jambo moja. Nasema njia ambayo fikra hupita ni ile ile, na anayezoea kuipita kwa mambo madogo anakuwa ameshajifunza kuipita kwa makubwa.

Kwa Wakristo, ambao ndio wengi katika kaunti hizi mbili, kuna habari katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 22, ambayo sielewi kwa nini haihubiriwi mara nyingi zaidi. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase, walipokuwa wakirudi ng'ambo ya Yordani, walijenga madhabahu kubwa. Makabila mengine yaliposikia habari zake yaliamini mara moja kwamba wenzao wamemwasi Mungu, yakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Dalili ilikuwa ya kweli: madhabahu ilikuwepo. Lakini kabla ya kwenda vitani walimtuma Finehasi pamoja na wakuu kumi wakaulize. Wajenzi walipoulizwa walijibu kwamba madhabahu ile haikuwa ya sadaka bali ya ushahidi, ili watoto wao wasije wakaambiwa siku moja kwamba hawana fungu kwa Bwana. Nia ilikuwa kinyume kabisa cha ile iliyodhaniwa. Kilichoonekana kama kujitenga kilijengwa kwa kuogopa kutengwa. Taifa lilinusurika kwa sababu watu walitembea na kuuliza. Nako kwa Waislamu, Suratul Hujurat imewaamuru waumini waichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na katika aya yake ya 12 imewakataza wingi wa dhana. Amri hizo mbili kuwa katika sura moja si jambo la kupitwa haraka: uchunguzi na kujizuia kudhani vinakwenda pamoja. Nao wazee wa Njuri Ncheke, ambao makao yao yako Nchiru hiyo hiyo, hujulikana kwa kusuluhisha magomvi ya Wameru kwa kusikiliza pande zote, kazi ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 159, imeipa nafasi ya kutambuliwa pamoja na mahakama. Biblia, Kurani na baraza la wazee havikubaliani katika mengi. Katika hili vinakubaliana: aliyedhaniwa vibaya ana haki ya kuulizwa kwanza.

Pingamizi la kwanza ni dhahiri. Watu huzima kwa makusudi, na anayekataa kuliona hilo ni mjinga, si mwema. Ni kweli huzima. Lakini uchunguzi ninaoudai haumlindi mwenye hila. Ndio hasa unaomfichua. Ukishathibitisha kwamba simu yako inaziona waifai nyingine, kwamba nenosiri ni sahihi, kwamba mwenzako ana chaji na data na wengine wanaendelea vizuri kwa simu za aina ya yako, basi maelezo ya hitilafu yamepungua na yale ya nia yamepata nguvu. Hapo tuhuma yako ina miguu. Kudhani mema si kufumba macho, ni kukataa kuhukumu kabla ya zamu ya hukumu kufika.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi, nami naliheshimu. Linasema kwamba mnyonge hana silaha ila wasiwasi wake. Mwenye bando anaweza kuwatesa wasio nalo kwa kuwasha na kuzima, kisha akajificha nyuma ya mashine: mtandao ni mbaya leo, ndugu yangu. Kumwambia anayeonewa avumilie mpaka apate ushahidi ni kumpa mwonevu muda. Nakiri kwamba hitilafu ni kisingizio kizuri sana, na kwamba kadiri mashine inavyokuwa ngumu kueleweka ndivyo mwongo anavyopata mahali pa kujificha. Lakini dawa yake ni maarifa yaliyo mkononi mwa mnyonge mwenyewe. Anayejua kwamba hotspoti ina ukurasa unaoonyesha idadi ya vifaa vilivyounganishwa anaweza kuomba kuonyeshwa. Anayejua habari ya gigahezi 2.4 na 5 hadanganywi kirahisi. Wasiwasi usio na maarifa haujamzuia mwonevu yeyote. Unamchosha tu anayeubeba, na mara nyingi unamwangukia mtu asiye na hatia, kwa kuwa mwonevu hodari huwa mcheshi na mkarimu wa maneno.

Upande mwingine kuna mwenye kutoa, naye anauliza kwa nini abebeshwe mzigo. Bando ni lake, simu ni yake, akizima ni haki yake. Nakubali kabisa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayetumia bando la mwenzake muhula mzima bila kuchangia hata shilingi hana la kudai. Haki ya kuzima, hata hivyo, si haki ya kunyamaza. Ukiwaacha watu wakitegemea kitu chako, umewapa sababu ya kupanga mambo yao juu yake, na kukikata bila neno kunawaacha wahangaike wakitafuta hitilafu isiyokuwepo, tena usiku, tena siku ya mwisho ya maombi. Kusema "nazima saa nne, nataka kulala" hakugharimu data. Kimya ndicho kinachozaa dhana, na anayelalamika kuwa amedhaniwa vibaya ilhali hakusema neno amechangia sehemu yake.

Wapo watakaoona nimelikuza jambo la mtoto wa hosteli. Ningekubaliana nao kama mambo yanayopita kwenye hotspoti yangekuwa vichekesho tu. Tangu mwaka 2023 serikali imesukuma maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen. Nafasi za vyuo huombwa mtandaoni, mkopo vilevile, kodi vilevile. Asiyeweza kununua bando siku ya mwisho anategemea jirani ili atambulike na nchi yake. Utegemezi wa namna hiyo si wa hosteli pekee. Ni wa mjane wa Maua na mpwa wake mwenye simujanja, ni wa mkulima wa Kianjokoma na kijana wa dukani. Kila utegemezi ukiongezeka, nafasi za kudhaniana zinaongezeka nao.

Basi utaratibu wa kutengeneza hotspoti ni utaratibu wa kumtendea mtu haki, na unaanzia kwako. Katika miradi ya maji ya miteremko ya Mlima Kenya, maji yakikauka kwenye mfereji wa chini, mwenye busara hulifuata bomba kuanzia kwake kupanda juu, maana huenda limepasuka ndani ya shamba lake mwenyewe. Fanya hivyo. Zima waifai yako uiwashe tena. Sahau mtandao ule kisha uandike nenosiri upya, herufi kwa herufi. Angalia kama simu yako imehamia data ya laini. Izime na kuiwasha. Ukimaliza upande wako, nenda kwa mwenzako na swali ambalo ndani yake hamna shutuma: bado una chaji? data haijaisha? simu haijaingia hali ya kuokoa betri? Mwombe azime hotspoti na kuiwasha tena, na kama simu yako ni ya zamani, mwombe aiweke hotspoti kwenye gigahezi 2.4; iPhone 12 na zilizofuata zina swichi ya kufanya hivyo kwenye ukurasa wa hotspoti. Kuweka upya mipangilio yote ya mtandao kuwe jambo la mwisho, na mwambie kwanza kwamba litafuta manenosiri yote ya waifai aliyohifadhi, kwa sababu unamgusia mali yake. Yote hayo yakishindikana, saiba ya mjini ipo.

Na ikiwa umewahi kumnunia mwenzako siku nzima kwa sababu ya mtandao uliokatika, kisha ukagundua kwamba ilikuwa betri, au mnara, au simu yako mwenyewe, usidhani kwamba kurudi kwa data kumemaliza deni. Mwendee umwombe radhi, hata kama yeye hakujua kwamba ulimhukumu.